Kifua cha Luka Mbele ya Mkwewe

Haya, msomaji, vuta kigoda ukae. Luka bado yuko uchi.

Ndiyo. Wiki nzima wewe umekula, umelala, umekwenda kanisani ukaimba, na kijana wa watu tumemwacha amesimama vilevile, uchi wa mnyama, katikati ya nyumba ya baraza pale Tunduma. Mbele yake yuko Bwana Daktari wa jeshi, na ule mpira wa kusikilizia kifua umebakiza upana wa kidole tu kugusa ngozi yake. Na mlangoni, kibuyu cha togwa mkononi, amesimama mama mkwe.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kushika gazeti hili, na sijui wiki zote hizo ulikuwa wapi, nitakupa kwa kifupi. Mwaka ni wa arobaini. Hitla amekasirika huko kwao Ulaya, na kwa sababu ambazo hakuna mtu Tunduma aliyewahi kuelezwa vizuri, hasira zake sharti zikatulizwe na vijana wa Kinamwanga. Jumbe Kefa amepita nyumba kwa nyumba, tumbo mbele, akitangaza kwamba kila nyumba itoe mwanamume mmoja. Nyumbani kwa akina Luka wanaume ni wawili tu. Yuko Luka mwenyewe, na yuko kaka yake Nathanaeli, mwenye mke, Enesi, watoto watatu, na wa nne yumo tumboni.

Asipochukuliwa Luka, atachukuliwa Nathanaeli. Mambo yote ya hadithi hii yanakaa hapo.

Na Luka, maskini, ana pumu. Si ile ya kukohoa mara mbili ukanywa maji ya moto. Ni pumu ya kukaa kitako mpaka jogoo awike, mabega juu, kifua kikilia kama mlango wa ghala. Baba yao alipofariki, Nathanaeli ndiye aliyekuwa akimbeba mdogo wake mgongoni kila kifua kilipofunga, akizunguka naye uani mpaka hewa irudi. Sasa Luka amekata shauri kwamba zamu ya kubeba ni yake. Kwa hiyo Nathanaeli alipokwenda Itaka kumsaidia mjomba wao kuchuma kahawa, mdogo mtu hakuaga. Alijipeleka mwenyewe jeshini, akijisemea kwamba daktari ni mtu mmoja na kifua kinaweza kunyamaza kidogo ukikiomba vizuri.

Turudi barazani, kabla kijana hajapigwa na baridi.

Huku kwetu mwanamume na mama mkwe hawaonani. Wakikutana njiani, mwanamume anaacha njia, anaingia majanini, anachutama na kufunika uso mpaka mama apite. Na hapo ni mwanamume aliyevaa nguo zake zote. Wazee waliotuwekea mambo haya hawakuacha neno lolote juu ya mkwe aliye uchi, kwa kuwa hawakufikiri kwamba siku moja serikali ingekusanya wanaume wazima, iwavue, halafu iwaalike wanawake walete togwa.

Luka hakungoja kutafakari. Palikuwa na dirisha nyuma ya Bwana Daktari, dirisha la juu, la kuingizia mwanga tu. Akaruka kutoka pale pale aliposimama, akapita juu ya meza, juu ya kofia ya Bwana Daktari, akatokea upande wa pili miguu ikiwa ya mwisho kuonekana. Bwana Daktari, aliyesoma miaka mingi kwao Uingereza, alibaki ameshika mpira wake akiusikiliza upepo.

Akauliza kwa Kiingereza ni kitu gani kile. Aliyepaswa kumjibu alikuwa Sajini Tuntufye, mtu wa Isongole, ambaye ana mama mkwe wake mwenyewe na anajua vizuri kabisa jinsi ya kumkimbia. Angeweza kusema kweli. Lakini lori lilipaswa kujaa kabla ya jua la utosini, na lile lililotangulia liliondoka nusu tupu, akatukanwa yeye. Sajini akapiga saluti.

"Vijana wa huku, Bwana, wakisikia neno vita hawangoji mlango," akasema.

Bwana Daktari akaenda dirishani. Akapima kimo chake kwa macho, akatikisa kichwa. Akasema mtu anayeruka namna ile hahitaji kusikilizwa kifua, ni kupoteza muda wa serikali. Akaamuru atiwe alama ya chokaa, maana ndivyo walivyokuwa wakifanya: aliyefaa alichorwa kifuani mkwaju wa chokaa, yaani mstari wa mshazari, asiyefaa akarudishiwa suruali yake. Dresa, yule msaidizi wa daktari, akatoka mbio na kipande cha chokaa kumtafuta askari mpya wa Mfalme.

Unadhani basi mambo yamekwisha, Luka amepona? Hukai na wenye pumu wewe.

Chini ya dirisha lile palikuwa na lundo la makapi ya ulezi, ya jana tu, yamepurwa yakapepetwa yakaachwa hapo. Ukitaka kumuua mwenye pumu bila kujisumbua, mtupe humo. Luka alizama mpaka shingoni, vumbi likaruka, akavuta pumzi moja kubwa ya kushukuru Mungu, na kifua kikafunga hapo hapo. Akabaki amejikunyata nyuma ya makapi, magoti kidevuni, kifua kinapiga filimbi.

Mama mkwe naye, Marita jina lake, alikuwa ametoka barazani kwa aibu, akapita upande uleule bila kujua. Akaisikia ile filimbi. Akasimama, akageuza mgongo haraka kama inavyotakiwa. Lakini masikio hayageuzwi.

Sasa elewa jambo moja. Watu wa upande wa Luka walipokwenda kumposa Ruti, binti wa Marita, walimsifia kijana wao siku nzima. Mchapa kazi, msikilizaji, mtu wa kanisa, afya yake hakuna mfano. Neno pumu lilibaki nyumbani siku hiyo. Marita alilea watoto wa dada yake wenye ugonjwa huohuo, kwa hiyo hakuhitaji mpira wa Bwana Daktari kutambua anachokisikia.

Kusema naye moja kwa moja hakuruhusiwi. Basi akakigeukia kibuyu chake cha togwa, akakisemesha yeye.

"Kibuyu changu," akasema, "mimi sikuambiwa kwamba binti yangu anaolewa na filimbi."

Akakiweka chini kibuyu, akavua shuka yake ya juu akaitupa nyuma bila kutazama, akaenda zake kukaa na wanawake wenzake. Luka akajisitiri, akanywa togwa kidogo kidogo, na kwa kuwa hofu nayo wakati mwingine ni dawa, kifua kikafunguka nusu. Dresa alipomkuta alimwuliza mbona anahema hivyo. Akajibiwa kwamba ni hamu ya vita. Dresa akamchora chokaa, mkwaju mweupe mzuri, juu kabisa ya ile pumu.

Kwa muda wa kutosha kuvaa suruali, Luka alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Tunduma. Alisimama karibu na lori pamoja na waliochukuliwa, wengine wakiwa wameletwa na kamba kiunoni, na yeye peke yake anatabasamu. Walimtazama wakadhani huyu kichwa hakiko sawa. Yeye alikuwa anamfikiria Enesi na mimba yake, na Nathanaeli akirudi kutoka Itaka na kukuta mambo yamekwisha, hana la kufanya ila kukasirika. Kukasirika hakuui mtu.

Nathanaeli akatokea barabarani.

Alikuja nusu kukimbia nusu kutembea, mikono bado myeusi kwa utomvu wa kahawa, vumbi mpaka kwenye kope. Mtu fulani mwenye mdomo mwepesi alimfikishia habari Itaka jana yake, kwamba mdogo wake amejipeleka jeshini, naye akaacha kikapu chini ya mbuni akaondoka. Alimpita Luka kama vile hamjui. Akaenda moja kwa moja mbele ya meza ya Bwana Daktari, iliyokuwa imehamishiwa uwanjani, akavua kofia.

"Bwana, yule mdogo wangu ana pumu tangu utoto," akasema. "Mrudishe nyumbani. Nyumba yetu inatakiwa mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi."

Sajini Tuntufye angependa sana kuitafsiri habari hiyo vingine. Kwa bahati mbaya Bwana Daktari, katika maneno machache ya Kiswahili aliyoyajua, mengi yalikuwa ya magonjwa. Neno pumu alilifahamu. Akamwita Luka.

Luka akakana, tena bila kupepesa macho. Akasema pumu haijui, hajawahi hata kuiona kwa jirani, na kwamba kaka yake anamwonea wivu kwa sababu naye anataka kuvaa kaki ya jeshi. Uongo wa namna hii mtu huuweka akiba kwa siku moja tu, na Luka aliutoa wote. Nathanaeli akamshika mkono, akamvuta kando ya lori, wakaanza kugombana kwa Kinamwanga, sauti chini, kama watu wanaogombana msibani.

"Utakufa wewe, kabla hujafika hata huko," Nathanaeli akamwambia.

"Na wewe ukifa, watoto atawalea nani?"

"Utawalea wewe."

"Kwa kifua hiki?"

Nathanaeli akauachia ule mkono. Alikuwa ametembea njia nzima akipanga maneno, na hilo moja hakulipanga.

Bwana Daktari alikuwa akiwatazama. Kule alikotoka kila mtu alidai ana ugonjwa, wengine walijifanya viziwi mpaka pale waliponong'onezwa kwamba chakula kiko tayari. Watu wawili kugombania kwenda vitani ilikuwa ni ajabu kwake, na ajabu humfurahisha Mzungu aliyechoka. Akasema hatabishana na mtu. Huyu kijana azunguke uwanja mbio mpaka atakapoambiwa basi. Ikiwa kuna pumu humo ndani, itatoka yenyewe kusalimia.

Basi Luka akakimbia, na watu wote wa uwanjani wakajipanga kutazama, kwa maana burudani Tunduma ni chache.

Mzunguko wa kwanza alikwenda kama swala. Jumbe Kefa, aliyekuwa amekaa kivulini kuhesabiwa sifa zake, akapiga makofi. Mzunguko wa pili mabega yakaanza kupanda. Kwenye wa tatu midomo iligeuka rangi, na alipopita karibu na lori, wale vijana wenye kamba viunoni waliisikia filimbi. Wakajifanya wanakaza kamba zao. Upande wa mbele, zilipo meza, Luka alifunga mdomo akapumulia pua, akatabasamu, jasho likimfuta chokaa. Akienda upande wa nyuma alikuwa anakufa. Nathanaeli alikuwa amekaa chini, kichwa kati ya magoti. Alikuwa akimwomba Mungu mdogo wake ashindwe, na kila alipomwona anayumba alikuwa akimwomba asishindwe.

Bwana Daktari hakusema basi. Alikuwa anajaza kiko chake.

Ni wakati huo Marita alipoinuka.

Aliinuka kati ya wanawake wenzake bila haraka, akapangusa nguo yake, akatembea mpaka upande wa nyuma wa uwanja, katikati kabisa ya njia anayopita Luka. Akasimama. Akainama kama mtu aliyeangusha kitu kidogo, akaanza kukitafuta.

Luka akaja, akamwona, akaacha njia papo hapo. Akaingia kwenye majani marefu, akachutama, akafunika uso. Na si yeye tu. Wanaume wote wa pale, wenye kamba na wasio na kamba, wakageuza nyuso zao pembeni kwa heshima. Uwanja mzima ukamngoja mama mmoja amalize kutafuta kitu ambacho hakikuanguka.

Bwana Daktari akauliza kuna nini tena. Safari hii Sajini Tuntufye alisema kweli, kwa kuwa hakuona uongo unaotosha. Akaeleza kwamba yule ni mama mkwe, na kijana hawezi kupita mpaka yeye aondoke. Bwana Daktari akaamuru aondolewe. Sajini akawatazama askari wake. Askari wakatazama viatu vyao. Kumgusa mke wa mtu, tena mama wa watu, tena mkwe wa mtu, kwa ajili ya Hitla? Hakuna aliyesogea. Sajini akapiga saluti, akasema amri imepokewa na inashughulikiwa.

Marita akaendelea kutafuta. Kibuyu chake, alichorudi kukiokota Luka alipokwisha kuondoka, alikuwa nacho kwapani.

"Kibuyu changu," akasema polepole, mgongo kwenye majani, "mwambie aliyejikunyata huko apumue taratibu. Mimi sina haraka. Na mwambie kwamba Ruti hatasikia neno kutoka kwangu."

Kwa nini alifanya vile, wakati kijana amedanganya posa nzima? Watu wana maneno yao. Wako wanaosema alitaka mkwe mwenye mshahara wa jeshi. Mimi nadhani alisikia ule ugomvi wa Kinamwanga kando ya lori, na ulimwingia. Mwanamke aliyezaa anajua thamani ya mtu anayekubali kuziba pumzi yake ili watoto wa mwingine wasikose baba. Alikaa pale mpaka filimbi ikashuka, ikawa mkoromo, mkoromo ukawa pumzi. Ndipo akaokota jani kavu, akalitazama kana kwamba ndilo lililompotea, akaenda zake.

Luka akatoka majanini kama mtu mpya, akamaliza mzunguko, akapita mbele ya meza akiwa anaimba. Kuimba! Bwana Daktari akasema basi.

Akasema kifua ni kizima, na kwamba habari ya pumu ni fitina. Akaamuru mkwaju wa chokaa uchorwe upya. Luka akamgeukia kaka yake, na usoni kwake hapakuwa na kiburi hata kidogo. Alikuwa na raha ya mtu aliyeutua mzigo mahali pake. Nathanaeli akainuka, akaja kumshika bega, macho yamejaa maji. Akamwambia amemshinda, na kwamba atamlaani siku atakaporudi, kwa hiyo ahakikishe anarudi. Hapo ndipo tungeweza kuishia, tukafuta machozi, tukaenda kula.

Lakini Bwana Daktari alikuwa bado anamtazama Nathanaeli.

Akamwuliza Sajini huyu mtu ametoka wapi. Sajini, maskini, kwa mara ya pili siku hiyo akasema kweli, na hii ndiyo hasara ya kuzoea. Akasema ametoka Itaka kwa miguu, hakulala, na amefika akiongea bila kuhema. Bwana Daktari akainuka, akaweka mpira wake juu ya kifua cha Nathanaeli, akasikiliza kwa umakini wote ambao hakuutumia kwa Luka. Akatabasamu. Akasema hajapata kusikia kifua cha namna hii tangu avuke bahari.

"Huyu naye," akasema.

Sajini akakohoa. Akaeleza kwamba kila nyumba inatoa mmoja, na nyumba hii imekwisha kutoa. Bwana Daktari akasema hiyo ni sheria ya Jumbe, jeshi halihesabu nyumba, tena mtu mwenyewe amekuja kuomba kwa mdomo wake, mbele ya mashahidi. Si alisema mwenyewe, "mtu huyo ni mimi"? Jumbe Kefa akaitwa atoe neno. Jumbe Kefa, aliyeapa kwa Biblia mbele ya kila mlango kwamba ni mmoja tu, alitazama upande wa serikali, akatazama upande wa watu wake, akaona serikali ndiyo yenye kiti. Akasema Bwana akipenda wawili, yeye ni nani akatae.

Dresa akaja na chokaa. Luka akasimama mbele ya kaka yake kumkinga, akapiga kelele kwamba ni kweli, ana pumu, anayo tangu utoto, wamsikilize sasa hivi, wamrudishe kaka yake. Akavuta pumzi kwa nguvu kuiita ile filimbi. Miaka yote ilikuja bila kuitwa. Leo kifua chake kilikuwa kimekaa kimya kama cha mtoto aliyeshiba. Sajini akamshika mkono kwa upole, akamsogeza pembeni. Nathanaeli hakupinga. Alichorwa akiwa ameinua kidevu, kama mtu anayenyolewa.

Waliochukuliwa wakaamriwa kupanda lori. Ndugu wawili wakabaki wa mwisho, vifua wazi, chokaa juu ya kila kimoja, hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake.

Ndipo Enesi akafika. Alikuwa amepandisha mlima na tumbo lake, mtoto mdogo mkononi, viazi vya kuchemsha vimefungwa kwenye jani la mgomba. Alikuwa amejiandaa. Njiani alikuwa amelia machozi ya aina zote mbili, ya kumpoteza mume na ya kumpoteza shemeji, ili akifika asilie tena mbele za watu.

Alisimama mbele yao akihema.

"Nimekuja kumchukua anayerudi nyumbani," akasema. "Ni yupi kati yenu?"

Nyuma yao dereva akawasha lori. Enesi akalirudia swali lake, kwa sauti kubwa zaidi, maana alidhani kelele za injini ndizo zilizowafanya wasimsikie.